Paka Asiyefukia

Bi Mwamina wa Nandagala alikuwa na kinyaa kuliko wanawake wote waliopata kuzaliwa kati ya Ruangwa na Nachingwea. Nzi akitua kwenye kikombe chake, chai ilimwagwa, kikombe kilisuguliwa kwa majivu, na nzi alitukanwa yeye na ukoo wake. Harusini alikwenda akiwa ameshiba. Msibani alikula ndizi tu, kwa sababu, alisema, ndizi Mungu mwenyewe ameivisha nguo.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe paka akae naye nyumba moja. Tena paka dume.

Paka huyo, kijivu, shingo nene kama ya mbeba magunia, alikuwa wa mjukuu wake, Halfani. Walimwita Mkaguzi, maana kila asubuhi alipita katikati ya magunia ya ufuta akiwa amesimamisha mkia, ananusa huku, anatazama kule, kama mtu aliyetumwa na serikali. Baba yake Halfani, Bakary, alikuwa mnunuzi wa ufuta, na panya wa Nandagala wanapenda ufuta kuliko wenye shamba. Kwa hiyo Bi Mwamina alikubali paka akae, ila kwa sharti.

"Siku atakayochafua ndani ya nyumba hii," alimwambia mkwe wake Asmaa, mama wa mtoto, "anaingia kwenye kiroba, kiroba kinafungwa kamba, na safari ya Mto Mbwemkuru inaanza. Sitarudia."

"Nimesikia, mama," alisema Asmaa. Asmaa alikuwa mtu wa Chunyu, na maneno yake aliyatoa moja moja kama anayegawa nyama.

Ukaja mwaka ule wa mvua za El Nino. Mvua ziliponyamaza na ufuta ukavunwa, watoto wakapelekwa jandoni, na Halfani alikuwamo. Kabla hajaondoka alimshika mama yake mkono akamwambia: "Mama, nikitoka nimkute Mkaguzi." Asmaa akaahidi.

Na huko kwetu, mtoto akiwa kumbini, yaani kambi ya jando, baba na mama hawalali kitanda kimoja mpaka atoke. Huo ni mwiko. Wazazi wakiuvunja, kidonda cha mtoto hakikauki. Bakary hakutaka hata kujijaribu. Alibeba mizani yake akaenda Naipingo kununua ufuta wa huko, akawa analala kwa rafiki.

"Amekimbia kishawishi," Bi Mwamina aliwaambia majirani. "Baba yake hakuwa na akili hiyo."

Basi mambo yalikuwa shwari, mpaka habari ilipokuja kutoka kumbini. Vidonda vya wenzake vinakauka, cha Halfani bado kibichi, kinatoa usaha. Mlezi wa kumbi hakusema mengi. Aliuliza tu: "Huko nyumbani kukoje?"

Swali hilo lilimfikia kwanza Zaina, dada mkubwa wa Bakary. Zaina pua yake ilikuwa inafika mahali kabla ya miguu. Alikuja akamkuta mama yake kibarazani anapepeta ufuta, akakaa, hakushika hata ungo.

"Mama, unaiona ile kamba pale uani?"

"Naiona. Ina shuka."

"Jana ilikuwa na nini?"

"Shuka."

"Na juzi?"

"Zaina, kama unauza shuka taja bei."

"Sicheki, mama. Mwanamke ambaye mumewe yuko Naipingo anaoga alfajiri na kufua shuka kila uchao. Kisimani wanamwona. Wewe umeolewa, mimi nimeolewa. Shuka ya kila siku na maji ya alfajiri ni ya nini?"

Bi Mwamina aliacha kupepeta. Hilo halikuhitaji mfasiri. Kila mwanamke aliyechota maji kisima kile alijua maana yake, hata mabinti waliojifanya hawajui.

Wakamwita Asmaa. Akaja mikono ina povu la sabuni.

"Ni paka," alisema. "Mkaguzi anakojoa kitandani kwangu. Siwezi kusali na najisi mwilini, kwa hiyo naoga na kufua."

Zaina alicheka mpaka akashika nguzo. "Paka! Paka huyu huyu? Wifi, paka anachimba, anajisaidia, anafukia, halafu ananusa kama amefukia sawasawa. Taja binadamu mwenye adabu hiyo! Ungesema mbuzi ningekuelewa."

"Na kama ni paka," akauliza Bi Mwamina, "mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Ungemtia kwenye kiroba, mama. Na mtoto ameniachia mimi."

Maneno yalikuwa ya kweli, lakini ukweli uliochelewa hufanana sana na uongo. Zaina aliingia chumbani kwa Asmaa bila hodi, akatoka mbio huku ameziba pua.

"Mama, kanuse! Humo ndani kuna harufu ya dume!"

"Ndiyo," alisema Asmaa. "La paka."

"Wanaume wa siku hizi nao hawaogi," alisema Zaina.

Bi Mwamina akafunga pembe ya kanga puani, akachungulia. Haikusaidia. Harufu ilipenya kanga, ikapanda utosini, ikateremka hadi kooni ikakaa hapo. Ilikuwa kali kama mbolea ya kuku iliyoloweshwa, ikichanganyika na samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko. Macho yakamtoka machozi. Alitema mate, akatema tena, na kwa kweli hakujua ni harufu ya nani. Alijua tu kwamba inamchefua, na mtu aliyechefuliwa ni mwepesi kuamini mabaya. Hakusema neno la kumtetea mkwe wake.

Kwa hiyo Zaina akapeleka ujumbe Chunyu: Ijumaa baada ya sala, mjomba wa Asmaa aje. Bakary naye aitwe kutoka Naipingo. Asmaa asipokuwa na jibu linaloeleweka, aondoke na vyombo vyake. Asmaa hakubishana. Alianza kufunga sufuria zake kwenye kitenge, bila kulia, na jambo hilo lilimwasha Bi Mwamina rohoni kuliko kama angegaragara chini.

Siku iliyofuata, jua limeshapanda, Bi Mwamina alikwenda jikoni kuchukua karai lake la kukandia unga. Akamkuta Mkaguzi amechuchumaa ndani yake.

Karai lake! Alishika mwiko ampige nao, mkono ukabaki juu, maana paka hakukimbia. Alikuwa amekaza mgongo, mkia unatetemeka, macho yamemtoka, anaminya, anaminya, huku analia kilio kirefu chembamba kama bawaba ya mlango wa bati. Baada ya taabu yote hiyo kikatoka kitone kimoja. Kikalala kwenye bati jeupe. Kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea nyama.

Paka akajiramba sehemu zake kwa bidii, akatoka ndani ya karai, akatembea kidogo, akachuchumaa juu ya majivu. Akaminya. Hakuna. Akahamia kwenye mkeka uliokunjwa. Akaminya, akalia. Kitone. Halafu akaondoka zake bila kuchimba, bila kunusa, bila hata kugeuka nyuma.

"Hafukii," alisema Bi Mwamina peke yake.

Akatazama tena kile kitone ndani ya karai. Roho ilimkataa, mate yakamjaa mdomoni, lakini aliinama. Aliinama mpaka pua ikakaribia bati, akavuta pumzi. Ikapanda ile ile, ya mbolea na samaki, moja kwa moja utosini. Bi Mwamina alitoka nje akatapika uji wa asubuhi kwenye shina la mgomba. Alipomaliza akajifuta, akaita:

"Mama Halfani! Njoo. Shahidi wako nimemwona."

Asmaa alikuja akatazama karai, akamtazama mama mkwe.

"Paka mwenye afya ana adabu, Zaina hakukosea," alisema Bi Mwamina. "Akiacha adabu ni mgonjwa. Huyu amefunga choo. Si unaona anavyominya?"

"Mimi naona ni mkojo unaomsumbua, mama."

"Nani alikufundisha kwamba mkojo unaminywa hivyo? Choo ndicho kinachominywa. Nimelea watoto, wajukuu na mbuzi. Lete mafuta ya nyonyo."

Wakamfunga Mkaguzi kwa kanga kuukuu kama mtoto mchanga, wakampanua kinywa, Bi Mwamina akammiminia mafuta ya nyonyo kijiko kizima. Paka alimtazama kwa jicho ambalo mtu hutazama nalo mwenye kumdhulumu. Na mafuta yalifanya kazi yake. Kabla ya adhuhuri nyuma ilikuwa imefunguka, jikoni, mlangoni, na kwenye kitako cha kinu. Bi Mwamina alifukia kwa mchanga mwenyewe, kwa kuwa mwenye kazi hiyo alikuwa amejiuzulu, na kila koleo lilikwenda na "astaghafirullah". Lakini mbele palibaki vile vile. Paka alichuchumaa, akaminya, akalia. Hata kile kitone hakikutoka tena.

Kulipokucha alikuwa amelala nyuma ya mtungi, kwenye ubaridi. Dagaa aliowekewa hakuwatazama. Alitapika povu. Bi Mwamina alimgusa tumbo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kaa la moto, akakuta ndani kuna kitu kigumu cha duara, kama chungwa bichi.

Hapo akaogopa. Ijumaa ilikuwa kesho. Shahidi pekee wa mkwe wake alikuwa anakufa nyuma ya mtungi.

Kulikuwa na pikapu ya mnunuzi mwingine wa ufuta iliyokuwa inakwenda Nachingwea, na huko alikuwako mzee Felisian, bwana mifugo mstaafu, aliyewahi kuchanja ng'ombe na mbwa wa sehemu zote hizo. Bi Mwamina alimtia Mkaguzi kwenye kikapu, akafunika kwa kitambaa, akapanda nyuma juu ya magunia. Zaina alipomuuliza anakwenda wapi, alijibu: "Kutafuta mpatanishi."

Sasa, mafuta ya nyonyo hayana saa. Yalikuwa hayajamaliza. Mbele kidogo ya Ruangwa kikapu kikaanza kuvuja mapajani mwake, kitu chepesi, cha vuguvugu. Abiria wawili waliokuwa naye wakasogea mpaka wakafika mwisho wa gari, pasipo na pa kusogea tena.

"Bibi," akauliza mmoja amebana pua, "umebeba nini humo, maiti?"

"Bado," alisema Bi Mwamina.

Mzee Felisian aliwapokea chini ya banda lake la mbuzi. Akamlaza paka juu ya gunia tupu, akaanza kuuliza kwa upole, kama daktari wa watu.

"Ameanza lini kukojoa ndani?"

"Tangu mtoto aende jandoni, naambiwa. Kitandani."

"Kidogo kidogo, mara nyingi? Anakaza, analia, anajiramba?"

"Yote hayo. Na damu."

"Anakula nini?"

"Dagaa wakavu. Maji anayatazama tu, kama anayeona kiini macho."

Mzee akaweka kiganja tumboni mwa paka, taratibu sana. Mkaguzi akatoa mlio ambao mbuzi wote waligeuka kuusikiliza.

"Hiki kigumu ni kibofu, dada yangu. Hajafunga choo. Amefunga mkojo."

"Lakini anaminya!"

"Watu wote hukosea hapo. Wanaona anaminya, wanampa dawa ya kuharisha. Umempa?"

Bi Mwamina alitazama mbuzi.

"Umempa," alisema mzee Felisian, akavuta hewa kidogo, akajutia kuivuta. "Sikiliza. Paka akianza kukojoa pasipo mahali pake, si ubishi. Anapoumia akikojoa, anapachukia pale pa zamani, anatafuta palipo laini au pa baridi. Kitandani, kwenye karai, kwenye beseni. Jike naye huugua hivyo, lakini njia yake ni pana, uchafu unapita. Dume njia yake ni nyembamba kama uzi. Changarawe ndogo tu, au ute, inaziba. Ikishaziba, mkojo unarudi mwilini unakuwa sumu."

"Angeweza kungoja mpaka kesho?"

"Kesho ungekuwa unachimba shimo. Mshike."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyekuja naye."

Bi Mwamina, aliyekula ndizi msibani, akamshika paka miguu ya nyuma kwa mikono yake miwili, huku manyoya yamegandamana kwa mafuta ya nyonyo na kazi yake. Alifumba macho. Akahisi ni afadhali afumbue, kwa kuwa kisichoonekana kilikuwa kibaya zaidi. Mzee Felisian akapaka vidole mafuta, akasukuma ngozi nyuma, kikachomoza kitu chekundu kilichovimba, kidogo kuliko punje ya hindi. Ncha yake ilikuwa na weupe kama dawa ya meno iliyokauka. Akaanza kukivingirisha kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayepikicha punje ya ufuta.

"Usimminye tumbo," alisema. "Watu humminya wakadhani wanamsaidia, kibofu kinapasuka. Subiri."

Weupe ukasogea. Kikatoka kijiti laini chenye mchanga ndani yake, kikaanguka kwenye gunia.

"Hicho ni nini?" akauliza Bi Mwamina, akainama kukiona.

Hakupata jibu. Mkojo wa siku mbili uliruka kama bomba lililopasuka, mwekundu, moto, ukampiga usoni, ukashuka shingoni, ukalowesha kanga kifuani. Na kwa kuwa alikuwa bado hajafunga mdomo wa swali lake, sehemu yake iliingia humo.

Kelele aliyopiga iliwaleta majirani. Mzee Felisian alileta ndoo na sabuni, akageuka kando, mabega yanamtikisika. Bi Mwamina alinawa uso, akasukutua mpaka fizi zikauma, akasugua ulimi kwa jivu, akatapika, akasukutua tena. Kisha akashika kanga aitumbukize ndoo. Akasita. Akaileta puani.

Ilikuwa ile ile. Harufu yote ya chumba cha Asmaa ilikuwamo.

"Mzee," alisema, "nipe mfuko wa rambo."

Hakuifua. Mzee Felisian alimdunga paka sindano, akamwachia maagizo, na binti yake akamwazima Bi Mwamina kanga ya kurudi nayo. Alilala kwa jamaa hapo Nachingwea, ambao walimwomba kwa heshima alaze mzigo wake nje.

Alipofika Nandagala Ijumaa, watu walikuwa wameshatoka msikitini na wamekaa. Mjomba wa Asmaa alikuwa kwenye kiti. Bakary kwenye mkeka, uso umemwanguka. Asmaa kando ya mzigo wake wa sufuria. Zaina alikuwa katikati anaeleza, na alikuwa amefika kwenye maji ya alfajiri.

"Nyamaza kwanza," alisema Bi Mwamina. Akaweka kikapu chini, akatoa mfuko wa rambo uliokuwa umeshinda juani ndani ya gari. "Zaina, wewe ulinusa chumba cha wifi yako ukasema kuna harufu ya dume. Kweli?"

"Nilisema, na narudia."

"Bakary, lete shuka ambayo mkeo hajaifua tangu aanze kufunga mzigo."

Ikaletwa. Bi Mwamina akafungua mfuko. Watu wa mstari wa nyuma wakaondoka kwanza, na wa mbele wakatamani wangekaa nyuma.

"Hii kanga nilikuwa nimeivaa mimi," alisema, "mbele ya mzee Felisian wa Nachingwea, na aliyenikojolea ni huyu humu kikapuni. Kama yuko mtu anayedhani na mimi nina hawara, aseme sasa hivi, nitafurahi. Zaina, shika. Mkono huu kanga, mkono huu shuka. Nusa."

"Mama, inatosha."

"Haijatosha. Mdomo wako ulikwenda hadi Chunyu, pua iende hapa tu."

Zaina alinusa kanga. Akanusa shuka. Akabaki amekodoa, mashavu yamejaa, kisha akakimbilia migombani, na waliobaki walimsikia vizuri sana.

"Ni moja?" Bi Mwamina alimpigia kelele.

"Ni moja!" ilijibu migomba.

Mjomba wa Chunyu alikuwa ameshahama na kiti chake mpaka uani. "Mimi upande wangu," alisema kutoka huko, "nimeridhika. Msiniletee."

"Na mtoto?" akauliza mzee mmoja.

"Nimepitia kumbini," alisema Bakary. "Mganga wa zahanati amempa dawa, kidonda kinakauka. Alikuwa anakishika kwa mikono michafu, walezi wamemkamata." Akamgeukia mkewe. "Mama Halfani, fungua mzigo."

Asmaa hakuufungua.

"Zaina ni Zaina," alisema, akimtazama mama mkwe wake. "Yeye nilimtegemea hivyo. Lakini wewe mama ulichungulia chumba changu, ukanusa, ukanyamaza."

Bi Mwamina alitafuta mzaha. Siku zote alikuwa nao. Hakuupata.

"Unataka niseme nini, mwanangu?"

"Sitaki useme. Bwana mifugo ameagiza nini juu ya paka?"

"Asile dagaa wakavu, wachemshwe, apewe na mchuzi. Na atazamwe kila siku kama anakojoa vizuri, maana ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Akipitisha mchana bila kitu, apelekwe mbio."

"Basi mchuzi nitapika mimi," alisema Asmaa. "Kumtazama utamtazama wewe. Kila asubuhi. Ukikataa, mjomba anifungulie njia."

Mjomba aliangua kicheko huko uani. Bi Mwamina alitazama kikapu, akatazama sufuria zilizofungwa.

"Fungua mzigo," alisema.

Ndiyo maana asubuhi zile, mtu aliyepita nyuma ya nyumba ya Bakary alimkuta Bi Mwamina amesimama karibu na kirundo cha mchanga, kanga puani, ametulia kama mwindaji.

"Bi Mwamina," aliuliza jirani yake Mwanaima, ndoo kichwani, "unamwinda nani hapo?"

"Shh! Utamkatiza."

Mkaguzi alichuchumaa, akatulia, akaachia mkojo mrefu wa mfululizo usio na kilio. Bi Mwamina alingoja amalize, akainama, akainama zaidi, akatazama rangi kabla mchanga haujaunywa. Harufu ikampata. Akakaza kanga.

"Mama Halfani!" aliita. "Amekojoa!"

"Mwingi?" Asmaa aliuliza kutoka jikoni.

"Mwingi!"

"Rangi?"

"Manjano! Hauna damu!"

"Haya, mama. Njoo basi, uji wako wa ulezi uko tayari, bado una moto."

Bi Mwamina alishika nguzo ya choo, akafumba macho.

"Uache upoe," alisema. "Tena ufunike."